Saizi ya Kiungio cha Trela: Neno Moja, Vipimo Vingi

Miongoni mwa kazi zinazomfikia mfasiri bila kutazamiwa ni vile vijikaratasi vya maelezo vinavyofungwa pamoja na vifaa vya magari. Ni kazi zisizo na sifa. Hazitiwi katika orodha ya vitabu, wala jina la mfasiri haliandikwi popote. Lakini msomaji wake huzisoma kwa namna ambayo riwaya haisomwi: amechuchumaa nyuma ya gari, spana iko mkononi, na kila anachoambiwa afanye hukifanya papo hapo.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kijikaratasi cha namna hiyo nikifasiri. Kilihusu jinsi ya kuchagua saizi ya kiungio cha kufungia trela nyuma ya gari dogo la familia. Kurasa nne tu, pamoja na picha. Nilikadiria kuwa ni kazi ya asubuhi moja. Nilipomaliza nilimpelekea fundi mmoja wa gereji anisomee, kwa kuwa nilikwisha kujifunza kwamba istilahi ya ufundi isiyopita mbele ya fundi ni dhana tu. Alisoma hadi ukurasa wa pili, akainua uso. "Mwalimu," alisema, "hapa juu umeandika uzito wa trela usizidi kilo 1,300. Hapa chini umeandika uzito wa trela usizidi kilo 75. Sasa mwenye gari ashike lipi?"

Nilirudi kwenye matini ya Kiingereza. Yalikuwa mambo mawili mbalimbali yenye majina mawili mbalimbali, nami nilikuwa nimeyavika jina moja. Kosa hilo ndilo lililozaa makala haya. Nia yake ni kuwaeleza wafasiri, walimu wa ufundi na maofisa wanaotunga fomu na kanuni za vyombo vya barabarani, vipimo vinavyojificha ndani ya neno "saizi" linapotumiwa kwa kiungio cha trela, na kupendekeza namna ya kuvitaja bila kuvichanganya. Mapendekezo ni ya mwandishi peke yake. Si tafsiri sanifu, na wasomaji wana haki ya kuyapinga.

Vitu vyenyewe na majina yake

Trela, au tela kama wengine wasemavyo, ni neno lisilo na ubishi, ila tu wengi wakilisikia hufikiria lori. Hapa maana yake ni chombo chochote chenye magurudumu, kisicho na injini, kinachovutwa na gari dogo: cha kubebea mashua ndogo, jenereta, mbuzi kadhaa, au magunia ya mavuno kutoka shamba.

Kwa tendo lenyewe Kiswahili kina utajiri unaotaabisha. Kuburura ni kuvuta kitu kinachosuguana na ardhi, kwa hiyo hakufai, maana trela ina magurudumu. Kukokota ni kuvuta kitu kizito kwa taabu, na ndiko kulikotupa mkokoteni. Mabaharia nao wana neno lao, kufungasa, yaani chombo kimoja kukivuta kingine majini. Neno hili lilinipendeza mno, nikaanza kuunda kutokana nalo jina la kifaa, kifungasio. Mambo mawili yalinizuia. Kwanza, afungasaye hutumia kamba, na kamba huvuta tu. Haiwezi kusukuma wala kubeba. Kiungio cha trela hufanya yote matatu, na humo ndimo imo elimu yote ya jambo hili, kama tutakavyoona. Pili, kifungasio hutofautiana kwa herufi moja tu na kifungashio, kile ambacho bidhaa hutiwa ndani yake, na mpiga chapa asiye mwangalifu angetufikisha pabaya. Ama kuhusu kivutio, ambalo kwa kanuni za uundaji wa maneno ni halali kabisa, sidhani kwamba nahitaji kueleza: kivutio ni Ngorongoro.

Kiunganishi kimekwisha kuchukuliwa na wanasarufi, na kiungo kimegawanywa baina ya mwili na jikoni. Basi nimebaki na kuvuta kwa tendo, na kiungio kwa kifaa.

Kiungio ni kifaa cha sehemu kadhaa. Ipo fremu ya chuma inayofungwa kwa bolti chini ya gari, kwenye chesisi au kwenye sehemu za bodi zilizoimarishwa kwa kazi hiyo. Isifungwe kwenye bampa la gari dogo, ambalo halikutengenezwa kuvuta kitu. Katika mtindo wa Kimarekani fremu hiyo huishia kwenye bomba la mraba lenye mdomo wazi upande wa nyuma. Ndani ya bomba huingizwa mkono wa chuma na kuzuiwa kwa pini, na juu ya mkono ndipo hukaa gololi. Katika mtindo wa Ulaya mkono na gololi mara nyingi ni chuma kimoja kilichopinda. Upande wa trela kuna kikombe kinachoifunika gololi na kuishika kwa komeo, nacho kimefungwa kwenye ncha ya ile fremu iliyochongoka ya mbele.

Wahisabati wangependa tufe badala ya gololi. Nilijaribu. Fundi alisoma "tufe" akauliza kama ni tufe la kurusha la wanariadha. Aliposoma "gololi" hakuuliza kitu, ingawa gololi ya trela ni kubwa mara nyingi kuliko ya watoto au ya beringi. Fremu ile ya mbele ya trela ndiyo iliyonisumbua zaidi. Wamarekani huiita ulimi. Mimi nimeiita mti wa trela, kwa kuufuata ule mti mrefu wa gari la maksai unaopita kati ya wanyama hadi kwenye nira. Mtu atasema mti hauwi wa chuma. Mlingoti nao ulikuwa wa mti, na wa meli za leo ni wa chuma, wala hatukuubadilisha jina.

Inchi mbili zipi?

Tuje sasa kwenye neno saizi. Mtu wa Marekani ya Kaskazini akiitaja saizi ya kiungio, huenda ana maana ya bomba la mraba, ambalo upana wake wa ndani kwa magari madogo ni inchi 1¼ na kwa makubwa zaidi inchi 2. Huenda pia ana maana ya kipenyo cha gololi, ambacho kwa kawaida huko ni inchi 1⅞, inchi 2 au inchi 2 5/16. Huenda tena ana maana ya daraja, kwa kuwa viungio vya huko hupangwa kwa madaraja yanayoandikwa kwa namba za Kirumi: la I ni la trela isiyozidi ratili 2,000, yaani kilo 907, na la II ni la isiyozidi ratili 3,500, yaani kilo 1,588. Gari la kawaida la familia huangukia katika haya mawili. Yaliyo juu yake ni ya magari mazito, na hayatuhusu hapa.

Angalia basi kinachotokea. "Kiungio cha inchi 2" ni usemi wenye maana mbili zilizo kamili, na namba ni ile ile. Mnunuzi huulizwa dukani anataka cha inchi ngapi, naye hujibu inchi mbili, akikumbuka maandishi yaliyo juu ya kikombe cha trela yake. Muuzaji humpa bomba la inchi 2, na mkono ambao tayari una gololi ya inchi 1⅞. Hakuna aliyesema uongo. Gololi ina milimita 47.6, kikombe ni cha gololi ya milimita 50.8, tofauti ni milimita 3.2, unene wa kamba nyembamba. Kikombe kitashuka juu ya gololi, komeo litafunga, na mwenye haraka ataridhika. Katika tuta la kwanza barabarani kikombe kinaweza kuruka juu na kuiacha gololi, na trela ikabaki inaongozwa na minyororo ya usalama, kama imefungwa.

Kwa sababu hiyo napendekeza kwamba neno saizi lisitumike hata mara moja katika maelezo ya kiungio. Tuandike kipenyo cha gololi, tuandike upana wa bomba, tuandike daraja la kiungio. Ni maneno marefu zaidi, na katika jedwali yatataka nafasi. Apewe nafasi hiyo.

Kuna jambo jingine la namba ambalo wafasiri hulifanya kwa nia njema. Tukiona inchi 2 tunataka kumsaidia msomaji anayepima kwa metriki, basi tunaandika "inchi 2 (sentimita 5)". Katika maelezo ya meza au ya shuka haidhuru. Hapa inadhuru, kwa sababu gololi ya milimita 50 kamili ipo kweli, nayo ni kitu kingine: ndiyo gololi ya Ulaya, ile inayotambulishwa kwa alama A50. Kikombe kilichotengenezwa kwa milimita 50 kinaweza kukataa kufunga barabara juu ya gololi ya milimita 50.8. Na hili si jambo la mbali nasi. Katika Afrika Mashariki magari mengi ya familia huingia yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na vifaa vya ziada hununuliwa popote vinapopatikana, hata inchi na milimita zikaweza kukutana nyuma ya gari moja. Kanuni yangu sasa ni kuandika kwanza kipimo kama kilivyo katika matini ya asili, kisha metriki yake kwa desimali moja, bila kuikata.

Uzito wa kuvutwa na uzito wa kuegemea

Hapa ndipo nilipokosea, na hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi.

Mwenye mkokoteni anaijua tofauti hii vizuri kuliko mimi na kamusi zangu. Mkokoteni wake una ekseli moja. Akiyapanga magunia yote nyuma ya ekseli, mipini humwinuka mikononi mpaka atake kuning'inia. Akiyapanga yote mbele, mipini humlemea, na mgongo humuuma kabla hajafika sokoni. Kwa hiyo hupanga mzigo ili karibu wote ukalie ekseli, na kiasi kidogo tu kizidi upande wake. Mzigo na mkokoteni vyaweza kuwa kilo 400 pamoja, naye huzivuta kilo zote 400. Lakini mikono yake haibebi 400, hubeba kilo chache tu. Zile 400 ni uzito wa kuvutwa. Zile chache ni uzito wa kuegemea.

Badala ya mikono ya mtu weka gololi ya kiungio, na mambo ni yale yale. Uzito wa kuvutwa ni uzito wa trela nzima pamoja na mzigo wake. Uzito wa kuegemea ni ile sehemu ndogo ya uzito huo ambayo kikombe huikandamizia gololi kwenda chini. Magari madogo ya Ulaya huruhusiwa kwa kawaida uzito wa kuegemea wa baina ya kilo 50 na 100. Uzito huo ukiwa mdogo mno, au mzigo ukirudi nyuma hata kikombe kikataka kuiinua gololi, trela huanza kuyumba kushoto na kulia, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo inavyoyumba zaidi, mpaka ilizungushe gari lenyewe. Ukiwa mkubwa mno, nyuma ya gari hudidimia na mbele huinuka: matairi ya mbele hupungukiwa na mshiko, usukani huwa mwepesi isivyofaa, breki za mbele hupoteza sehemu ya nguvu zake, na usiku taa humulika vilele vya miti.

Kila lugha imelitafutia jambo hili sura yake. Waingereza huuita uzito wa pua, Wamarekani uzito wa ulimi, na Wajerumani mzigo wa kutegemezwa. Mwanzoni nilitaka kusema egemeo, kwa ufupi wake. Lakini walimu wa fizikia wamekwisha kulitumia neno hilo kwa ile nukta ambayo wenzo hugeuka juu yake, na kwa bahati mbaya trela nayo ina nukta hiyo, nayo ni ekseli, si gololi. Istilahi ambayo ingemfanya mwanafunzi aelekeze kidole kwenye gurudumu badala ya gololi haifai. Uzito wa kuegemea una maneno matatu, lakini unaonyesha mahali pake.

Ama uzito wa kuvutwa, nasisitiza ile kauli ya kutendwa. Katika rasimu nyingi nimeona "uzito wa kuvuta", na usemi huo haumwambii msomaji ni uzito wa nani: wa gari livutalo, au wa trela ivutwayo? Kiingereza mara nyingi hakilitatui jambo hili kwa kitenzi chenyewe, bali hutegemea mazoea. Sisi tunaweza kulitatua kwa silabi moja, na itakuwa ajabu tukiiacha kwa kuwa tu matini ya asili haikuwa nayo.

Pana aina nyingine za uzito ambazo mfasiri atakutana nazo, nami nazipitia upesi. Uzito mtupu ni wa chombo kisicho na mzigo. Wanunuzi wengi husoma huo kwenye kibao cha trela wakadhani wamemaliza. Uzito wa juu ulioruhusiwa ni ule ambao chombo pamoja na vyote vilivyomo hakipaswi kuuzidi. Kisha upo ule wa gari na trela kwa pamoja, ambao nauita uzito wa jozi. Wanafizikia wataniuliza kwa nini sisemi tungamo, kwa kuwa kilo ni kipimo cha tungamo na si cha uzito. Wana haki. Lakini kibao cha gari husomwa na dereva na askari wa usalama barabarani, na wote wawili husema uzito.

Mahali pamoja tu tofauti hiyo haiepukiki. Kibao cha kiungio cha Ulaya huwa na herufi mbili, S na D. S ni uzito wa kuegemea usiozidiwa, kwa kilo. D si uzito, bali ni kani, na hupimwa kwa kilonewtoni. Huonyesha mivutano na misukumo ambayo kiungio kinaweza kuistahimili baina ya gari na trela. Hupatikana kwa kuzidisha uzito wa juu wa gari kwa uzito wa juu wa trela, vyote kwa tani, kugawanya kwa jumla yao, kisha kuzidisha kwa 9.81. Mfasiri anayeandika "uzito D" anaharibu hesabu yote. Thamani D inatosha.

Hesabu ya familia moja

Nitatoa mfano, maana istilahi isiyotumiwa kwenye hesabu huwa nzuri daima. Namba nimezibuni, lakini zinafanana na za magari mengi ya kadiri hii. Gari lina uzito mtupu, pamoja na mafuta, wa kilo 1,400. Uzito wake wa juu ulioruhusiwa ni 1,900. Uzito wa kuvutwa ni kilo 1,300 kwa trela yenye breki zake, na 650 kwa isiyo na breki. Uzito wa kuegemea ni 75. Uzito wa jozi ni 3,000. Kiungio kilichopo dukani kina S ya kilo 80 na D ya kilonewtoni 7.2. Trela ina breki, na uzito wake wa juu ni kilo 1,300.

Muuzaji atasema inawezekana, kwa kuwa kitabu cha gari kimesema 1,300. Tuhesabu D. Tani 1.9 mara 1.3, gawanya kwa 3.2, zidisha kwa 9.81: jibu ni karibu 7.57. Kiungio hiki hakitoshi. Kwa gari hili hakipaswi kufungiwa trela ambayo uzito wake wa juu unapita kilo 1,195 hivi. Kipatikane kingine chenye D ya 8, na bado hatujamaliza: gari likijaa kilo 1,900, uzito wa jozi unaiachia trela kilo 1,100 tu. Kwa hiyo katika safari hiyo 1,300 ya kitabuni haipo, ingawa kitabu hakikudanganya. Kwa upande wa kuegemea, kiungio kinaruhusu 80 na gari 75, ni 75.

Sasa familia ipande. Watu watano, tuseme kilo 350 kwa jumla. Mizigo ya buti, kilo 100. Gari lilikuwa na nafasi ya kilo 500, kwa hiyo zimebaki 50. Lakini ule uzito wa kuegemea unabebwa na gari, si na trela; lazima uhesabiwe upande wa gari. Trela ikiegemea kwa kilo 75 kamili, gari limezidi kwa kilo 25, na hapo hatujaupima uzito wa chuma cha kiungio chenyewe. Dawa si ngumu: mizigo kidogo itoke kwenye buti ihamie kwenye trela, juu ya ekseli, ikiwa trela ina nafasi. Lakini mwenye gari hawezi kuijua dawa hiyo ikiwa kijikaratasi chake kimeuita uzito huo "uzito wa trela", kwani atauhesabu kwenye trela na kuona kila kitu ni shwari.

Katika hesabu zote hizi kipimo kinachoshikwa ni kile kilicho kidogo kuliko vyote. Kiingereza kina usemi wake wa kulisema hilo, nao umeingia katika kanuni zetu kama "chochote kilicho cha chini". Msomaji anayeuona kwa mara ya kwanza hudhani ameruhusiwa kuchagua. Nimeacha kuutumia. Naandika: "kati ya vipimo hivi, kishikwe kilicho kidogo zaidi."

Tena, ikiwa kitabu cha gari hakitaji uzito wowote wa kuvutwa, au kimesema gari lisivute, mfasiri asijaze pengo kwa kukopa namba ya gari linalofanana nalo. Gari la jina moja, lililouzwa katika nchi mbili, laweza kuwa na namba mbili. Adapta ya kuingiza mkono wa inchi 2 kwenye bomba la inchi 1¼ nayo haiongezi uwezo hata kwa ratili moja. Matangazo hayalisemi hili kwa sauti kubwa.

Kanuni zisizosafiri

Kosa la mwisho ninalotaka kulitaja haliko katika maneno, na ndiyo maana ni gumu kuliona. Vitabu vya Marekani hufundisha kwamba uzito wa kuegemea uwe baina ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela yenye mzigo. Kwa trela ya ratili 2,000 hiyo ni ratili 200 hadi 300, au kilo 91 hadi 136. Huko magari, viungio na mwendo vimezoeana na kanuni hiyo. Uingereza, ambako familia huvuta nyumba za magurudumu kwenda likizo, ushauri wa kawaida ni asilimia 5 hadi 7. Chukua sasa kijikaratasi cha Kimarekani, kifasiri kwa uaminifu kabisa, na umpe mtu mwenye gari lililoruhusiwa kilo 75: atapakia kilo 100 mbele ya trela yake, kwa kuwa karatasi imemwagiza. Hakuna neno hata moja lililofasiriwa vibaya.

Katika hali kama hiyo naamini mfasiri ana wajibu wa kumwandikia aliyempa kazi, kumwonyesha kwamba kanuni ni ya mfumo mmoja na gari ni la mwingine, na kumwomba aamue. Wapo wenzangu wanaosema hiyo ni kazi ya mhandisi. Ni kweli, ila mhandisi hajui kwamba karatasi imevuka bahari. Anayejua ni sisi.

Vivyo hivyo kwa mpaka wa breki. Katika Umoja wa Ulaya trela isiyo na breki haizidi kilo 750, na pia haipaswi kuzidi nusu ya uzito wa gari likiwa tayari kwa safari. Urefu wa gololi kutoka ardhini huko, gari likiwa na mzigo wake, ni baina ya milimita 350 na 420. Hivi ni vipimo vya sheria za mahali, na fasiri ivitaje pamoja na jina la mahali hapo, isiviandike kana kwamba ni vya dunia nzima.

Kijikaratasi changu nilikiandika upya. Sehemu ya kibao, ambayo ndiyo husomwa zaidi, niliiweka hivi: "Kipenyo cha gololi: milimita 50. Uzito wa kuvutwa, trela yenye breki: usizidi kilo 1,300. Uzito wa kuvutwa, trela isiyo na breki: usizidi kilo 650. Uzito wa kuegemea juu ya gololi: usizidi kilo 75. Uzito wa kuegemea huhesabiwa ndani ya mzigo wa gari." Nilimrudishia yule fundi. Alisoma mara mbili, akauliza swali moja tu: huo wa kuegemea, mtu ataupimaje bila mizani ya gereji? Nilimwambia kwamba trela ikiwa imepakiwa na kusimamishwa sawasawa, husimikwa kipande cha ubao chini ya kikombe, juu ya mizani ya kupimia watu, kwa urefu ule ule wa gololi, na namba husomwa hapo. Akasema hilo nalo liandikwe. Halikuwamo katika Kiingereza. Nililiandika mwishoni, nikaweka alama ya kuonyesha kuwa ni nyongeza ya mfasiri.